Kikundi cha Tano Katika Duara la Mkono kwa Mkono

Mgeni rasmi, pamoja na waheshimiwa ulioandamana nao. Viongozi wa dini na wa mtaa. Wazazi na walezi. Majirani wenye maduka mliotuazima viti. Nanyi wanachama wenzetu, mnaofuata maneno haya kwa masikio na mnaoyafuata kwa macho:

Assalamu alaykum. Na kwa yule ambaye salamu yake ni nyingine, tunamwambia amani iwe juu yake, maana mzigo uliomo ni ule ule.

Tunaanza kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu, aliyegawa asidhulumu. Huyu alimpa jicho, yule akampa sikio, wa tatu akampa mguu mwepesi, wa nne ulimi mtamu. Kisha kila mmoja akamwachia haja kwa mwenzake, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba amejitosheleza.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu katika ghala hili. Tumelifagia, lakini harufu ya tangawizi na sabuni hatukuweza kuiondoa, nayo ndiyo riziki yetu, kwa hiyo tumeiacha ikukaribishe pamoja nasi.

Kabla ya kuendelea, tunaomba radhi kwa mambo mawili yanayoweza kuonekana kama utovu wa adabu. Katibu wetu anaisoma risala hii kwa vidole, katika karatasi yenye nukta nundu. Asipokutazama usoni, si dharau. Macho yake yako kazini, isipokuwa yamehamia mikononi. Pili, unaona mwenzetu amesimama kando yake akipunga mikono. Huyo ni mkalimani wa lugha ya ishara. Tunaomba pasipigwe makofi mpaka mikono yake ishuke, la sivyo nusu ya hadhara hii itabaki ikijiuliza watu wanashangilia nini.

Huenda pia umeshangaa kwamba hapana meza kuu, na kwamba viti vimepangwa duara kama vya watu wanaogombea karata. Si uhaba wa meza. Maseremala wetu wametengeneza meza za mtaa mzima. Sababu ipo, na utaipata humu humu njiani.

Risala nyingi huwa na maombi mengi kama mbegu za papai, na mgeni hulazimika kuyasikiliza yote ili ajue lipi ndilo lenye uchungu. Yetu ina ombi moja, na tunalitaja sasa ili usikae ukilivizia. Umekuja na cheti cha usajili wa shirikisho letu. Tumeambiwa kimeandikwa vikundi vinne. Sisi ni vikundi vitano. Tunaomba kiandikwe vitano.

Yaliyobaki yote ni maelezo.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, umoja wetu haukuanza kwa hekima. Ulianza kwa shati lililoanikwa.

Zamani kila kikundi kilikuwa peke yake. Palikuwa na wasioona, wanaosaga na kufungasha pilipili na tangawizi karibu na soko. Palikuwa na viziwi, maseremala. Palikuwa na wanaotembelea magongo na magurudumu, mafundi viatu na washonaji. Palikuwa na wenye ualbino, washona kofia, ambao jua liliwafundisha thamani ya kofia kabla hawajaifanya biashara. Na palikuwa na watengeneza sabuni, ambao ni ndugu zetu wenye ulemavu wa akili, pamoja na wazazi wao. Kila kikundi kilikuwa na mwenyekiti wake, muhuri wake na kijicho chake. Kila kikundi kiliamini kwamba kile kingine ndicho kinachopendwa.

Tukienda ofisini kuomba msaada, tuliambiwa: "Wenzenu walikuja juzi, tumeshawapa."

"Wenzetu wepi, bwana?"

"Si nyinyi nyinyi walemavu?"

Basi tukirudi nyumbani, hasira zetu hazikwenda ofisini. Zilikwenda kwa wenzetu.

Ikatokea siku moja misaada ikafika kweli, lakini ikafika kwa watu sio. Viziwi walipelekewa shehena ya fimbo nyeupe. Wasioona walipelekewa televisheni. Washona kofia, ambao miguu yao haina kasoro, walipelekewa kiti cha magurudumu. Wala hakuna aliyerudisha. Mtu aliyengoja sana hakatai. Hupokea kwanza, akafikiri baadaye. Televisheni ikafunikwa kitambaa cheupe na kufutwa vumbi kila Ijumaa. Kiti cha magurudumu kikawa cha kupangia kofia mbele ya duka. Na fimbo nyeupe, maseremala wakaziunganisha, wakapata mahali pazuri pa kuanikia nguo.

Mwenyekiti wetu wa leo ni fundi viatu, naye tunamwita Mwendakasi kwa namna anavyoteremka mlima na baiskeli yake ya magurudumu matatu, breki akiwa amemwachia Mungu. Siku moja alikwenda karakana ya viziwi kupeleka viatu vya mzee wao, tunayemwita Babu Randa. Akaona shati la Babu Randa linaning'inia juu ya fimbo nyeupe. Kwa kuwa hakujua ishara, akachukua chaki, akaandika juu ya ubao: "Hizi mmezipata wapi?"

Babu Randa akaandika: "Tulipewa."

"Kwani hamwoni?"

"Tunaona sana."

"Na wenye kuzihitaji je?"

"Hawajaja kuziulizia."

Mwendakasi akaandika: "Wangezionaje?"

Babu Randa akayasoma maneno hayo, akayasoma tena, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya vumbi la mbao. Juma lile lile fimbo zikapelekwa sokoni. Mkuu wa kikundi cha wasioona ni bibi mmoja mwenye ulimi, anaitwa Bibi Tangawizi. Alipoipapasa ya kwake alisema, "Kumbe siku zote hizi najigonga milangoni, fimbo yangu inaanika shati la mtu!" Naye akaamuru televisheni itolewe: "Wapelekeeni sanduku lao. Tumeishi nalo kwa amani, halijatugombeza hata siku moja, lakini kila mtu na riziki yake." Kiti cha magurudumu kikatoka chini ya kofia, kikampata mshonaji aliyekuwa akibebwa mgongoni na mumewe.

Huo ndio mwanzo wa shirikisho, mgeni rasmi. Ni kubadilishana vitu vilivyopotea njia.

Kikundi cha sabuni hakikuwa na cha kubadilishana. Hakuna aliyewahi kukipelekea kitu, hata kwa makosa.

Kikaja vivyo hivyo. Mama anayekiongoza, tunamwita Mama Mapovu, aliwaleta watu wake mkutanoni, wakakaa safu ya nyuma wamefungwa vitambaa safi vichwani. Wapo waliokunja uso. Babu Randa alisema kwa mikono, na mkalimani akayatamka, "Hawa watatuharibia. Watu wakituona nao watasema sote akili zetu ni pungufu." Tunayasoma haya kwa idhini yake mwenyewe. Amesema yasomwe, kwani bila hayo hutaelewa yanayofuata.

Mama Mapovu alimjibu kwa upole: "Kaka yangu, na wewe wakikuita hujibu. Wangapi walikudhania hivyo hivyo?"

Tukaendelea na mkutano, vikundi vitano.

NAMNA TUNAVYOKUBALIANA

Shirikisho si jina. Shirikisho ni namna ya kukata shauri. Hapo tulianguka kwa kishindo.

Katika mkutano uliofuata tulijadili pahala pa kufanyia kazi pamoja. Palikuwa na chumba cha sokoni, na palikuwa na chumba cha ghorofani, kipana zaidi. Mwenyekiti akauliza, "Wanaotaka sokoni waseme ndiyo." Wasioona wakasema ndiyo kwa sauti iliyotikisa madirisha. Viziwi wakaona midomo imefunguka, wakadhani watu wanaitikia dua, nao wakafungua viganja kwa heshima. Mwenyekiti akaelekeza kidole juu, akanyoosha mkono, akauliza tena, "Wanaotaka ghorofani wanyooshe mikono." Viziwi wakanyoosha mikono yote. Wasioona hawakuona mkono hata mmoja, wakasikia kimya, wakajua jambo limekwisha. Mkalimani, Mungu amsamehe, siku ile alikuwa na homa na hakuja.

Siku ya kuhamia, wasioona walikuwa wamejipanga mbele ya chumba cha sokoni. Viziwi walikuwa juu ghorofani. Wa magurudumu walikuwa chini ya ngazi, wanatazama juu. Na kila kundi limenunua kufuli lake.

Baada ya siku hiyo Bibi Tangawizi alisema, "Mimi sioni mkono wenu, na ninyi hamsikii mdomo wangu. Lakini mkono wangu mtu akiushika, najua. Na yeye anajua." Hapo ndipo tulipopata desturi yetu.

Tunakaa duara, tumeshikana mikono. Swali linasemwa kwa sauti, kwa ishara, na kwa maneno mepesi. Kisha mwenyekiti anaubana mkono wa jirani yake. Anayekubali anabana wa jirani yake naye, na swali linakwenda hivyo hivyo mpaka limrudie mwenyekiti. Asiyekubali, au asiyeelewa, anaachia. Mkono ukiachiwa, mkutano unasimama. Hatumhesabii kuwa ni mmoja dhidi ya wengi. Tunamuuliza, "Kulikoni?" na tunangoja jibu.

Mgeni rasmi, hatutakuficha: mikutano yetu ni mirefu. Wapo wanaosema chai ya mkutano wetu hupikwa na mama ikanywewa na wajukuu. Lakini tangu tuishike desturi hii, hatujanunua tena makufuli mawili.

Tunao ubeti tunaoufungulia mkutano. Wenye sauti huuimba kwa sauti, na viziwi huuimba kwa mikono, nao humaliza nyuma kidogo, kwa kuwa mikono haipendi kukimbizwa:

Mkono tunaushika, wa jirani duarani,
Swali linapofunguka, hupitia vidoleni,
Na mmoja akitoka, pengo hubaki mwilini,
Usitupe kutengeka, tuwe wamoja, Manani.

Katika kikundi cha tano yupo dada mmoja wa makamo. Tunamwita Haraka, kwa sababu hana haraka. Hukata sabuni. Kipande chake huchukua muda, lakini ukivipanga vipande vyake juu ya meza, vimelingana kama meno ya kitana. Ukimsalimia asubuhi, jibu lake waweza kulikuta mchana, nalo likija huja kamili, na hali ya watoto wako ameiulizia.

Mwaka jana alikuja mfanyabiashara wa jumla. Alitaka achukue sabuni zote, pilipili yote na kofia zote, azipige nembo yake, nasi tusiuze kwingine kokote. Maneno ya mkataba yalikuwa matamu. Mwenyekiti akayasoma, swali likapita. Likafika kwa Haraka. Akaachia.

"Kulikoni, Haraka?"

"Sijaelewa."

Mwenyekiti akaeleza. Swali likapita tena. Akaachia tena.

"Bado," akasema.

Mtu mmoja akanong'ona, "Leo tutalala hapa." Mwingine akamwambia, "Wewe lala, sisi tunabana mikono." Mwenyekiti akavuta pumzi, akaanza mara ya tatu: "Maana yake, Haraka dada yangu, ni kwamba sisi tukisha... yaani yeye akisha... ikiwa bidhaa haikutoka, basi..." Akaigeuza karatasi, akairudisha. Akasema, "Jamani, hata mimi sijaelewa."

Bibi Tangawizi akadakia, "Afadhali umesema, baba. Mie nilibana kwa kuona haya."

Duara zima likakiri, mmoja baada ya mwingine. Tulimwomba mfanyabiashara aje atueleze mwenyewe, polepole, mbele ya wote. Hakuja.

Hatukusimulii haya ili tudai kwamba Haraka aliona hila ambayo sisi hatukuiona. Hakuona hila. Hakuwa ameelewa, basi. Nasi hatukuwa tumeelewa. Tofauti ni kwamba yeye alisema.

TULIYOYAPATA

Tutayataja kwa ufupi, kwani mengi umeyapita mlangoni.

Tumejenga njia za mteremko penye zahanati, penye shule na penye msikiti wa mtaa huu. Mbao ni za viziwi, vipimo ni vya magurudumu yetu. Binti wa mshona kofia amejifunza lugha ya ishara, na sasa mama kiziwi akienda kujifungua haendi tena kuonyeshana vidole na mkunga. Pilipili na tangawizi zinauzwa pamoja na sabuni, katika vikapu vinavyosukumwa kwa baiskeli zetu. Watoto waliokuwa wakifichwa vyumba vya ndani wageni wakija, sasa baadhi yao ndio wanaofungua mlango. Na wodi ya wazazi katika hospitali hunawa kwa sabuni ya kikundi cha tano.

Tukienda ofisini siku hizi, tunakwenda vikundi vitano kwa pamoja. Hakuna tena wa kutuambia kwamba wenzetu walikuja juzi. Wenzetu ndio hao, wamekaa kando yetu.

LINALOTUKABILI

Mgeni rasmi, ili shirikisho litambulikane, lazima lisajiliwe. Na ghala hili unaloliona ni mali ya halmashauri. Tumelitumia kwa ihsani. Tumearifiwa kwamba likiwa na cheti, shirikisho litakabidhiwa ghala hili rasmi. Bila cheti, mwisho wa mwezi huu atapewa mtumiaji mwingine. Hatumlaumu yeyote. Jengo la watu wote lazima liwe na mwenye kujulikana.

Tuliandika katiba yetu, tukaipeleka. Ofisi ya usajili ikaipokea kwa heshima, ikaikubali yote isipokuwa mahali pamoja. Ilitwambia kwamba mpiga kura sharti awe mwenye akili timamu na mwenye uwezo wa kuamua peke yake. Kwa hiyo kikundi cha tano hakiwezi kuwa mwanachama. Wazazi wao wanaweza kuhudhuria kama waalikwa. Wao wenyewe wanaweza kuja, wakakaa, wakanywa chai. Mikono yao isihesabiwe.

Afisa aliyetueleza alikuwa mtu mwema. Alimwambia Mwendakasi, "Mzee, hili ni jambo dogo. Badilisheni mstari mmoja, mchukue nyumba. Hao ndugu zenu watapoteza nini?"

Mwendakasi alirudi nalo swali, tukaliweka katika duara: Je, tupokee cheti cha vikundi vinne?

Hapa tunaomba tuseme kweli, kwani risala isiyo na kweli ni kelele yenye adabu. Mikono ilibana. Mwenyekiti alibana. Washona kofia wakabana. Washonaji wakabana, na kila mmoja akitazama juu kwenye paa, akikumbuka masika mawili yaliyopita tulipokuwa, kabla ya ghala hili, tukifanya kazi chini ya turubai na tangawizi ikiota ukungu. Mama Mapovu alibana, na machozi yakamtoka akabana. Bibi Tangawizi alibana. Swali likafika kwa Haraka.

Sote tulijua ataachia. Tuseme pia kwamba wengine wetu tulikuwa tukimtegemea aachie, ili mzigo uwe wake usiwe wetu.

Haraka akakaa. Akakaa sana. Mkalimani alishusha mikono, akapumzika. Kisha Haraka akabana.

Mwenyekiti akamuuliza, "Haraka, umeelewa?"

"Nimeelewa," akasema. "Mkae ndani, mvua isiwanyeshee. Mimi nitakuja kusalimia."

Jirani yake wa upande wa pili alikuwa Babu Randa. Hakuyasikia maneno hayo. Aliyasoma mdomoni mwake, akaupokea mkono. Zamu yake ilikuwa ya mwisho kabla swali halijamrudia mwenyekiti. Naye akaachia.

Akasimama, akasema kwa mikono, na binti wa mshona kofia, anayepokezana na mkalimani, akayatoa kwa sauti: "Huyu amebana kwa ajili yetu. Sisi tumebana kwa ajili ya bati. Mkono huu siwezi kuupeleka mbele."

Ikawa kimya. Kwa muda mrefu viziwi na wanaosikia wakawa sawa.

Bibi Tangawizi ndiye aliyeanza. "Haya, mwenyekiti, liulize upya. Na safari hii mie sioni haya."

Swali likageuzwa: Je, tukatae cheti cha vikundi vinne, tumwombe mgeni rasmi cha vitano, na tukikosa, turudi kwenye turubai pamoja? Likazunguka. Hapana aliyeachia. Lilipofika kwa Haraka, akauliza kwanza:

"Sasa sisalimii?"

Bibi Tangawizi akamjibu, "Utasalimia, mwanangu, lakini ukiwa ndani."

Akabana.

OMBI LETU

Mgeni rasmi, tunajua kifungu hicho hukukiandika wewe. Lakini sauti yako inafika mahali ambapo baiskeli ya Mwendakasi haifiki. Kwa hiyo tunakuomba ulichukue neno letu hadi huko.

Kifungu kinamtaka mtu mwenye uwezo wa kuamua peke yake. Tumejitazama, tumetafuta katika vikundi vyote vitano, mtu huyo hatukumpata. Bibi Tangawizi hawezi kuamua mpaka mtu amsomee. Babu Randa hawezi mpaka mtu amwashirie. Mwendakasi hawezi mpaka mlango uwe na njia ya kuingilia. Kila mmoja ana kitu anachokihitaji kabla hajakata shauri: huyu sauti, yule mikono, huyu mteremko. Haraka anahitaji muda. Muda ndio fimbo yake nyeupe. Kama kuhitaji msaada kunamtoa mtu katika uanachama, basi cheti hiki kisiandikwe vinne. Kiandikwe sifuri. Na pengine, waheshimiwa mtuwie radhi, hata baraza la mji lingepungua watu.

Na lugha ya wahenga haikutuacha bila dalili. Wamesema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakusema ni kidole kipi kinachoweza kukatwa.

Hatuombi upendeleo. Kikundi cha tano hakitaki kura mbili. Kinataka kushikwa mkono mahali palepale ambapo wengine wanashikwa.

Hivyo basi, leo tunakuomba cheti ulichokuja nacho ukiweke mkobani mwako kwa heshima zote. Hatutakipokea, na kutokipokea kwetu si kiburi mbele yako. Tungependa ukirudishe kikaandikwe upya, na hadi siku hiyo tuachwe chini ya paa hili. Ikiwa haiwezekani, turubai letu bado tunalo. Washonaji wameshalishona lilipochanika.

Sasa tunarudi kwenye jambo la viti.

Pale mbele, katika duara, pana kiti kitupu. Ni cha mninga, kimetengenezwa na Babu Randa kwa ajili yako, na hakikuletwa ili kiwe cha juu kuliko vingine. Vyote vimepimwa urefu mmoja. Risala hii ikiisha, tunakuomba ukikalie. Kulia kwako atakuwa Haraka. Mkono wake ni mkavu kwa ajili ya magadi ya sabuni, usishtuke. Kushoto kwako atakuwa Babu Randa mwenyewe.

Swali litaanza kwa mwenyekiti, litakwenda kwa sauti na kwa ishara na kwa maneno mepesi, nalo ni hili: Je, sisi ni vikundi vitano? Litapita kwa wote. Likifika kwa Haraka litakawia. Tafadhali lingoje, halijapotea, linakuja. Akikubana mkono, jambo litakuwa mikononi mwako.

Ukikubali, mbane Babu Randa. Usipokubali, achia. Hapana atakayekununia, na chai utakunywa vilevile. Tutakuuliza tu sababu, kama tunavyoulizana sisi kwa sisi, na tutalisikiliza jibu lako mpaka Haraka aelewe, kwani akielewa yeye, tutakuwa sote tumeelewa.

DUA

Ewe Mola, Uliye karibu na aliyenyamaza kama ulivyo karibu na anayenena, mpe mgeni wetu afya na umri wenye kheri. Mrudishe kwao salama. Wafungulie waliofungiwa vyumba vya ndani. Wape subira wanaotungoja, nasi utupe subira ya kuwangoja wengine. Mikono iliyoshikana hapa leo usiiachanishe ila kwa ajili ya kazi, na ikimaliza kazi ikutane tena. Amin.

Ni sisi, wanachama wa Shirikisho la Mkono kwa Mkono:

kikundi cha pilipili na tangawizi,
kikundi cha maseremala,
kikundi cha viatu na cherehani,
kikundi cha kofia,
na kikundi cha sabuni.

Mgeni rasmi, kiti chako ni kile. Karibu ukae.